Kitana na Kikombe

Tangu amzike mkewe, fundi wa kuchomelea aliacha kupinda chuma. Mageti na madirisha aliyotoa karakanani yalikuwa ya nondo zilizonyooka tu. Wateja hawakulalamika, maana yalikuwa imara. Yeye mwenyewe alikuwa hayaangalii mara mbili.

Zamani kazi ngumu ilikuwa inafuatana naye mpaka jikoni. Mkewe, huku akichambua mchele, angesema, "Haya, taja vitu viwili visivyojuana." Siku moja fundi alitaja kitunguu na redio, akidhani amemkomoa. Mkewe hakuinua hata uso. "Sauti ya redio inasambaa duara kwa duara. Kitunguu ukikikata ni hivyo hivyo. Tena vyote vinaweza kukuliza." Geti la duara ndani ya duara lilizaliwa hapo, na mpaka leo wapita njia husimama kulitazama. Mchezo wenyewe waliuita undugu, na aliyeshindwa kuupata ndiye aliyeosha vyombo.

Asubuhi hiyo binti yao alikuja kuangalia grili ya dirisha la jiko la nyumba yake mpya. Aliizunguka, akaigonga kwa kidole.

"Baba, hii ni ya dirisha au ya mahabusu?"

"Ni imara."

"Hata jela ni imara."

Fundi alivua miwani ya kazi, akajifuta jasho. "Kichwa kimekauka, mama. Aliyekuwa ananichokoza hayupo. Nachora, nafuta. Nahisi na ufundi nimeuzika."

Binti alisogea mezani. Alifungua mkoba, akatoa kitana cha marehemu, kile cha mbao kilichong'oka jino moja katikati. Akakiweka mezani, karibu na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa.

"Visivyojuana hivyo. Nipe undugu wao."

"Havina."

"Basi utaosha vyombo."

Fundi alitaka kucheka, akaishia kuvuta kigoda. Akakaa. "Vyote hushikwa asubuhi," alisema baadaye.

"Huo undugu wa mbali mno. Hata msibani hawaalikani."

Fundi akakichukua kitana, akapitisha kidole kwenye meno yake mpaka kikaingia pale penye pengo. Kikabaki hapo. Alikumbuka dirisha la jikoni kwao, alilolitengeneza mwenyewe kwa nondo za kubanana. Mkewe alikuwa anamletea chai uani, na kwa kuwa kikombe hakikupita dirishani, ilimbidi aizunguke nyumba nzima. "Fundi," alikuwa anamwambia, "umeifungia chai yako ndani." Naye alikuwa anajibu kwamba kesho ataikata nondo moja.

Aliinuka, akachukua chaki, akapiga magoti sakafuni. Alichora mgongo wa kitana, umepinda taratibu kama wenyewe, kisha akashusha meno moja moja. Katikati aliruka jino moja.

"Mbona hapo umeacha wazi?" binti aliuliza.

"Kikombe kipite."

"Na mwizi?"

"Mwizi wa kuenea hapo ana njaa huyo. Mpe chai."

Binti alicheka mpaka akashika meza. Fundi naye alikuwa ameshawasha moto. Chuma kilipoiva alikibana kwa koleo, akaanza kukipinda, mikono ikisitasita mwanzoni, halafu ikakumbuka.

Siku ya kuifunga grili alikuwa uani kwa binti, anasafisha saruji iliyomwagika, aliposikia dirisha likigongwa. Mkono wa bintiye ulitokeza penye pengo, umeshika kikombe kinachofuka moshi. Kwa jinsi kidole chake kidogo kilivyojitenga na vingine, ulikuwa mkono wa mama yake mtupu.

Fundi alikipokea. Akanywa akiwa amesimama pale pale dirishani, polepole, hadi tone la mwisho. Binti alinyoosha mkono akitaka kukichukua, lakini baba yake alikuwa ameshageuka, anakwenda bombani kukiosha, ingawa safari hii hakuwa ameshindwa.