Picha Isiyochuja

Mkasi alirudi kutoka kwenye kibanda chake cha ushonaji akamkuta binti wa marehemu dada yake amesimama juu ya kiti cha sebuleni, kalamu mkononi, anamchora mama yake macho kwenye picha ya ukutani.

"We Kasuku! Unafanya nini hapo juu?"

"Alikuwa hanioni, mama mdogo."

Mkasi alikusudia kugomba, lakini akasogea kuitazama picha. Picha ile, iliyotundikwa mkabala na dirisha, ilikuwa imeliwa na jua. Wekundu ndio uliotangulia kutoka, ukafuata weusi wa nywele, na sasa uso mzima ulikuwa na rangi ya maji ya kufulia. Kasuku alikuwa bado anatambaa mama yake alipofariki. Uso pekee aliokuwa akiujua ni huo wa ukutani, na huo nao ulikuwa unamponyoka.

Bahati nzuri picha yenyewe ilikuwamo kwenye simu ya Mkasi. Jioni kaka yake alipopita kusalimia, akaona mambo mepesi.

"Si uirudishe palepale studio wakuchapie nyingine?"

"Halafu hiyo ikififia nipeleke nyingine? Huyu mtoto hawezi kila mara kuagana na mama yake upya, kaka. Nanunua printa yangu, wino nichague mwenyewe, karatasi nichague mwenyewe."

"Wewe? Hata mlio wa simu huniita nikuwekee!"

"Na boksi la printa nitakuita unibebee."

Dukani, muuzaji alikuwa bwana mchangamfu mwenye tai fupi. Alizipanga printa mbele ya Mkasi kama mwenye kuozesha mabinti: hii ina kasi, hii inasikilizana na simu, hii haina kelele.

"Zinachuja?" Mkasi akauliza.

"Zinafanyaje?"

"Rangi zake. Zikipigwa na jua zinachuja?"

"Dada yangu, hii printa, si kitenge!"

"Kwangu mimi chochote chenye rangi ni kitambaa mpaka kinioneshe vinginevyo."

Muuzaji alicheka hadi tai ikamkaa upande, lakini akavuta kiti akamweleza vizuri. Wino ni wa aina mbili. Upo ulioyeyuka kama sukari kwenye chai. Huo unang'aa, unavutia, ila jua huumaliza upesi. Upo mwingine wenye chembechembe laini za rangi. Huo hukaa juu ya karatasi na hudumu zaidi. Na karatasi nayo ina tabia zake: yenye tindikali hugeuka manjano hata ukiipa wino bora duniani.

"Nimekuelewa," Mkasi akasema. "Sasa nipe vipande."

"Vipande vya nini tena?"

"Vya kujaribu. Mimi siaminishwi kwa mdomo."

Bwana yule akatikisa kichwa, akachapa ua moja jekundu kwa printa mbili, kwenye karatasi za aina mbalimbali, akaandika nyuma ya kila moja imetoka wapi.

Mkasi hakuwahi kukata gauni la mteja kabla ya kukijaribu kitambaa. Kipande hukitumbukiza majini. Kingine hukibandika kwenye dirisha la kibanda, nusu wazi, nusu kafunika kwa kadibodi. Maua yale nayo yakapita njia hiyohiyo. Kwenye beseni, ua la wino ulioyeyuka lilitapika rangi yote. La chembechembe likatulia. Kaka yake alipomkuta akifua picha alishika kiuno.

"Utazipiga na pasi pia?"

"Zikikunjamana."

Dirishani aliyaacha wiki baada ya wiki, wateja wakidhani ni pambo. Alipobandua kadibodi, ua moja lilikuwa jekundu nusu na nusu rangi ya chungwa lililooza. Lakini lile la chembechembe, kwenye karatasi nzito isiyo na tindikali, aliligeuza huku na huku akitafuta mpaka wa jua na kivuli, asiuone. Siku hiyohiyo kaka mtu alibeba boksi.

Sebuleni Kasuku alikaa mkao wa kula. Mkasi akaweka karatasi, akabonyeza. Mashine ikaguna, ikamtoa dada yake taratibu: nywele, paji la uso, macho. Mara wino ukaanza kutambaa. Macho yakashuka mashavuni, mdomo ukaelea.

"Anayeyuka!" Kasuku akapiga yowe, akakimbilia chumbani.

"Nilisema mimi, studio," kaka akaanza.

"Kaka, nyamaza kidogo." Mkasi aliokota karatasi nyingine, akaipapasa pande zote mbili kwa kidole gumba kama anavyopapasa satini. Upande mmoja ulikuwa na utando laini wa kunasa wino, mwingine mtupu. Akajipiga paji la uso. Fundi cherehani hugeuza kitambaa, uso ndani, mgongo nje, ndipo ashone. Mikono yake ilikuwa imeigeuza karatasi bila kumwomba ruhusa!

"Nimeichapa mgongoni," akasema. Aliigeuza, akabonyeza tena.

Safari hii wino ulikaa ulipowekwa. Hakuigusa. Aliiacha ikauke hadi kesho yake, akaitia kwenye fremu ya kioo, ndipo akamwita mtoto.

Kasuku alikuja akiburuta miguu, amejiandaa kulia. Akatazama. Akasogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Kumbe alikuwa anacheka," akasema.

Kaka alijitia kutafuta nyundo. Alipoipata alielekea ukuta ule wa siku zote.

"Hapo hapana," Mkasi akasema. "Huo ni ukuta wa jua. Huku, karibu na mlango wa chumba chake."

"Huku gizani? Wageni watamwona wapi?"

"Wageni walimjua. Piga huku."

Kaka akapima usawa wa macho yake, akaweka msumari.

"Teremsha."

Akateremsha.

"Teremsha tena, kaka."

"Mkasi, nikishuka zaidi mtu mzima itabidi ainame!"

Mkasi alimsogeza Kasuku ukutani, akaweka kiganja juu ya nyusi za mtoto, akakipeleka ukutani hapohapo.

"Basi ainame," akasema. "Piga hapa."