Nafasi ya Abiria

Kijiweni walimwita Upepo, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyewahi kuuliza kama jina hilo alilistahili. Alikuwa dereva wa bodaboda, mwembamba, mwenye mdomo usiochoka, na katika mdomo huo kulikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Ujanani, alisema, aliwaacha vijana wote wa mtaa kwenye mbio za pikipiki za kuzunguka uwanja wa mpira, mpaka bwana mmoja mwenye koti la ngozi akaja kumshika bega: njoo Jumamosi kwenye uwanja wa mbio za pikipiki, kuna timu, nafasi yako ipo.

"Wiki hiyohiyo," Upepo alisema kila mara, kidole juu asikatizwe, "wiki hiyohiyo bibie ananiambia ana mimba. Na si mtoto mmoja, ni pacha! Basi. Mbio zangu zikaishia ukweni."

Watu walivunjika mbavu. Mkewe, Mama Pacha, naye alicheka, hata hadithi iliposimuliwa sebuleni kwake mbele ya wageni na yeye amesimama na birika la chai mkononi. Alicheka mwaka wa kwanza na alicheka mwaka wa ishirini. Wahenga wanasema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini Upepo hakuwa mtu wa kusikiliza wahenga, alikuwa mtu wa kusikiliza vicheko.

Kisha Mama Pacha akaugua. Upepo, tumpe haki yake, hakumwachia mtu mwingine kazi ya kumpeleka hospitali. Alimpakia mwenyewe kwenye pikipiki yake, naye akakaa mbele kabisa, tumbo limegusa tangi, kama wanavyokaa madereva wote wa bodaboda. Ukibeba watu tangu asubuhi mpaka jioni, kiti si chako. Chako ni kile kipande cha mbele tu, kilichobaki ni cha abiria, na baada ya miaka mwili unasogea wenyewe hata ukiwa peke yako. Mama Pacha alilaza paji la uso katikati ya mabega ya mumewe, akashika koti lake kwa mikono miwili, na kila kona Upepo alifunga breki mapema asimtikise. Walikwenda hivyo mpaka siku daktari alipowaambia wasije tena, mgonjwa apumzike nyumbani. Mtu akiambiwa apumzike kwa sauti ile anajua ameambiwa nini.

Jioni moja akiwa amelala kwenye kochi, maana chumbani alisema hewa haitoshi, alimwita.

"Baba Pacha. Ile hadithi yako ni kweli?"

"Hadithi gani?"

"Ya koti la ngozi."

"Kweli tupu! Wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo kwenye mimba. Kwenye koti sikuwepo." Akapumzika kidogo. "Nataka uende ukakimbie. Hata mara moja, mimi nikiona. Sitaki niondoke sijui kama ni mimi niliyekukalia maisha yako yote."

"Aa, mama, ule ni utani tu."

"Najua ni utani. Nimeucheka mpaka nimeuchoka."

Upepo akasema sawa, atakwenda. Na moyoni, aibu iliyoje, alifurahi.

Mdogo wake Mama Pacha alikuwa mshika bendera kwenye uwanja huo wa mbio. Kazi yake ni kusimama kwenye kona kuwaonyesha waendeshaji kama njia ni salama. Mara moja kwa mwezi uwanja ulifunguliwa kwa watu wa kawaida, wapewe mkufunzi na pikipiki ya uwanja wajaribu bahati yao. Shemeji alilipanga jambo lote, akaazima hata gwanda la ngozi. Lilimbana Upepo mapajani na kumpwaya tumboni, akatembea nalo amepanua miguu, na Mama Pacha alipomwona alicheka kicheko cha kweli ambacho hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu. Walikwenda kwa pikipiki yao. Upepo alimkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya uzio, blanketi mapajani ingawa jua lilikuwa kali, na chupa ya maji miguuni.

"Nikipita utaniona," alimwambia.

"Nitakupungia."

Mkufunzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi zilizoanza mvi na kigugumizi kidogo, ambacho hakikumzuia kusema alichotaka. Alimwonyesha Upepo pikipiki: haina taa, haina honi, haina vioo vya pembeni.

"Vioo viko wapi, dada?"

"Vya kazi gani? Huku ya nyuma hayakuhusu."

Upepo aliona hilo ni neno zuri, akaliweka akiba apeleke kijiweni. Mkufunzi akamwonyesha koni nyeupe zilizopangwa kabla ya kila kona. "Breki ni hapa kwenye koni. Si kabla. Kabla ya koni ni mafuta tu. Umenielewa?" Upepo akasema ameelewa, na kichwani alishamwona yule bwana wa koti la ngozi, mzee sasa, akisimama kushangilia.

Waliingia uwanjani kundi zima. Lami ilikuwa pana, safi, haina shimo, haina mbuzi, haina mama anayevuka na ndoo, na Upepo, ambaye miaka yote alililaumu shimo na kumlaumu mbuzi, sasa alikuwa na njia tupu mbele yake. Akaongeza mafuta. Pikipiki ikaruka. Kwa kipande kile cha kwanza kilichonyooka alikuwa kijana tena, akapiga kelele ndani ya helmeti.

Ikaja kona. Koni ilikuwa mbali bado. Mkono wake ukafunga breki.

Wenzake wakampita kulia na kushoto kama maji yanavyopita jiwe. Kwenye kona ya pili wakampita waliobaki. Alipofika ya tatu alimkuta shemeji yake amesimama na bendera ya buluu, akiipunga. Mkufunzi alishaeleza maana yake: nyuma yako yupo mwenye kasi kuliko wewe, mpishe. Upepo akapisha. Mzunguko uliofuata bendera ikapungwa tena, na uliofuata tena, na shemeji wa watu, ambaye alikuwa anatimiza kazi yake tu, alikuwa akiipunga huku ametazama chini. Upande wa pili wa uzio Mama Pacha aliona ndugu yake anapunga, akadhani ni salamu, naye akanyanyua mkono wake mwembamba akapunga.

Waliporudi, mkufunzi alivua helmeti akacheka. "Kaka, umembeba nani?"

"Sijabeba mtu."

"Mbona umekaa juu ya tangi? Umeacha nafasi huko nyuma utafikiri kuna mama na mzigo wake. Pikipiki haiwezi kulala kona hivyo. Na unachungulia pembeni kila mara, unatafuta nini?"

Alikuwa anatafuta kioo. Miaka yote alitupa jicho kwenye kioo kabla ya kila kona, kuona kama abiria amejishika. Upepo alihisi mzigo umemshuka. Kumbe ndiyo hiyo! Ni mkao. Ni kazi. Si yeye.

"Nirekebishe basi, dada."

Mkufunzi akachukua taulo, akalisokota mpaka likawa gumu, akalibandika kwa utepe mpana pale mbele ya kiti. Upepo alipokaa hakuweza kusogea mbele hata akitaka. Alikaa nyuma kabisa, mahali pa abiria, mikono imenyooka, na kwa mara ya kwanza akajua kiti kilivyo kirefu.

"Tunakwenda mimi na wewe tu," alisema mkufunzi. "Mimi mbele. Fanya ninachofanya."

Safari hii hapakuwa na mtu wa kumpita, na mkao ulikuwa sawasawa, na pikipiki ilikuwa tayari kulala ubavu ikiombwa tu. Mkufunzi alikwenda mpaka kwenye koni ndipo akafunga breki. Upepo aliiona koni inakuja. Alijiambia bado. Akajiambia bado, baba, bado. Mkono ukafunga. Nyuma yake hapakuwa na mtu wala kioo wala uzito. Kona iliyofuata ikawa hivyohivyo, na nyingine mbaya zaidi, mpaka mkufunzi akawa anamsubiri mwisho wa kila kipande kama mtu anayemsubiri ng'ombe.

Ndipo akaikumbuka ile Jumamosi. Hakuwahi kuisahau, alikuwa ameifunika tu. Mimba aliambiwa Jumatatu. Jumamosi ilitangulia. Jumamosi hiyo aliamka mapema akaoga, akavaa viatu, akaitazama pikipiki pale uani, kisha akawaambia nyumbani kwamba ina pancha, akarudi kulala mchana kutwa. Pancha haikuwepo. Jumatatu msichana alipomwendea analia kwamba ana mimba, yeye alimkumbatia kwa nguvu mno, na msichana akadhani ni mapenzi. Yalikuwepo na mapenzi, lakini zaidi alikuwa amepata sababu.

Walisimama. Mkufunzi alibandua utepe polepole bila kumtazama.

"Mkao nimekurekebishia," alisema. "Hiki kingine taulo haliwezi. Si aibu, kaka. Watu wengi ni waoga wa kona na wanaishi vizuri tu."

"Na kama ningekuja nikiwa kijana? Mwepesi, sina mke, sina mtoto?"

Mkufunzi akamtazama sasa, akaona anaulizwa kitu kikubwa kuliko pikipiki, na kwa kuwa hakuwa mwongo akamjibu. "Ungefunga breki palepale."

Upepo alitembea mpaka kwenye uzio na gwanda lake la kuazima. Jua lilikuwa limehama na hakuna aliyekisogeza kile kiti. Mama Pacha alikuwa ametokwa jasho usoni, midomo imekauka, lakini macho yalikuwa yanamsubiri.

"Nimekuona," alisema. "Mbona wale wote walikupita?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Si wewe, nilikuwa naogopa, niliogopa kabla yako. Mtu mwenye mdomo kama wake angeyasema kwa pumzi moja, na mwanamke yule angekufa mwepesi. Upepo akafungua mdomo.

"Wamesema ni mkao," alisema. "Miaka yote ya kubeba mtu nyuma. Mwili umeshazoea, haurekebishiki tena."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea kwenye dirisha la hospitali majibu aliyoyatarajia.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni kazi, mama. Kazi ya bodaboda."

"Na kazi uliianza kwa ajili ya nani?"

Upepo alitazama chini. Kimya nacho ni jibu, tena alilijua hilo.

"Nisamehe, Baba Pacha," alisema mkewe. Alitoa mkono chini ya blanketi akamshika vidole. "Nilikuwa nacheka tu, sikujua nimekuchukulia kitu kikubwa namna hii. Nisamehe kabla sijaenda."

Na yeye, Mungu amwone, akasema, "Nimekusamehe. Yamepita."

Shemeji alikuja kuchukua kiti. Alikuwa ameyaona yote kutoka kwenye kona yake, bendera bado kwapani. Akamtazama Upepo, akamtazama dada yake aliyekuwa anafuta macho, akakinyanyua kile kiti akaondoka nacho.

Walipanda pikipiki yao. Upepo akakaa pale pake mbele, tumbo kwenye tangi, akasubiri paji la uso katikati ya mabega, kama siku zote. Halikuja. Akatupa jicho kwenye kioo. Mama Pacha alikuwa amejisogeza nyuma kabisa, ametoka kwenye kiti, amekaa juu ya chuma cha keria wanapofunga mizigo, mikono miwili imeshika chuma hicho mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Kati yao palikuwa na nafasi ya kukalisha mtoto.

"Sogea mbele, mama, utaanguka. Chuma kitakuumiza."

"Hakiniumizi. Nawe rudi nyuma ukae vizuri, nimekuachia nafasi."

Hakurudi nyuma. Aliondoka taratibu. Kila kishimo alichokanyaga alimsikia akiguna kwa maumivu, na kila mara alisema moyoni kwamba akifika kwenye ile taa atasimama amwambie, akifika kwenye duka la mkaa atamwambia. Taa ikapita, duka likapita. Mbele kukatokea kona, ya kawaida tu, anayoipita kila siku ya Mungu, na mkono wake ukafunga breki mapema.

"Usinionee huruma," Mama Pacha alimwambia kutoka kule nyuma. "Leo pita unavyotaka."