Risasi Ndefu za Ardis

Mwezi wa Agosti, nyonga yake ya pili kupasuliwa ilipokuwa imeanza kupona, Lyle Hauglund alimwambia binti yake kwamba mwaka huu atawinda akiwa amekaa.

"Umekaa wapi, baba?" Ardis aliuliza. Alikuwa anamenya viazi.

"Pale juu ukingoni, kwenye shamba la Dewey. Kulungu wanatoka ng'ambo ya bonde kila asubuhi kuota jua. Naweka kiti changu, naweka kahawa yangu, nawasubiri."

"Ng'ambo ni mbali."

"Yadi mia nne. Nimeshapima."

Ardis aliacha kumenya. Tangu alipopata akili alimjua baba yake kuwa mtu wa kunyemelea. Alikuwa akitambaa kwenye nyasi kavu na mawe ya Montana hadi amkaribie mnyama kiasi cha kuona masikio yakicheza. Watu waliopiga kutoka mbali aliwaita wapiga simu, kwa kuwa walimaliza kila kitu bila kusogea. Sasa miguu ilikuwa imegoma, na bondeni hakushukiki kwa fimbo.

"Nitahitaji risasi nyingine," Lyle aliendelea. "Hizi za zamani zina vichwa butu, huko mbali zinaanguka kama mawe. Nitengenezee wewe. Mimi ile mizani siisomi tena, naona ukungu mtupu." Alitazama nje. "Ila nikuambie kabisa. Nikimjeruhi hata mmoja, akaenda kufia vichakani, bunduki naipeleka dukani siku hiyohiyo. Sitaki kuwa mzee wa kurusha risasi na kuombea."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayepanga siku ya kubadilisha oili ya gari. Lakini Ardis alilala na neno hilo moyoni. Alikuwa amewaona wazee wawili watatu wa mji ule wakiuza bunduki zao, na majira ya baridi yaliyofuata hakuna aliyewaona tena ila kwenye madirisha yao. Tena alimhurumia huyo kulungu ambaye bado hajapigwa, akimwona anatembea na jeraha katika mawazo yake mpaka usingizi ukamchukua.

Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la ngano, kupima unyevu wa nafaka wakulima wanapoleta mavuno. Alizoea vitu vidogo vinavyotaka subira. Jumamosi alikwenda duka la bunduki pamoja na Dewey Pruitt, jirani yao, mwenye ng'ombe wengi na maoni mengi zaidi.

Dewey alichukua pakiti juu ya rafu, akaipiga kwa kidole. "Hivi hapa. Virefu, vizito, vyembamba mbele kama sindano. Upepo hauvisumbui. Mimi navitumia."

"Wewe una bunduki mpya, Ba'mkubwa Dewey. Ya baba mtutu wake hauzungushi risasi kwa kasi kama wa yako. Kichwa kirefu namna hiyo kitayumba."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

"Haya, msomi. Nunua vingine upoteze pesa, halafu uje useme Dewey alikuwa sahihi."

Ardis alivinunua vile vya Dewey, kwa sababu hakupenda kubishana dukani mbele za watu. Akachukua na pakiti ya vichwa vya shaba tupu. Hivyo alivipenda moyoni, kwa kuwa vile vya kawaida huacha vipande vya madini ya risasi, yenye sumu, ndani ya matumbo ya mnyama, na tai wanaokuja kula matumbo hayo huumwa na kufa. Mwisho akachukua aina ya tatu, ya uzito wa wastani, yenye ncha kali na kiini laini. Hiyo hufunguka kama ua hata ikifika imechoka. Jambo hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote. Risasi ikienda mbali hupoteza mwendo, na ikipoteza mwendo mno haifunguki, inapita tu mwilini na kuacha tundu dogo. Mnyama anakimbia siku nzima na tundu hilo.

Jioni za Septemba alishinda chumba cha chini ya nyumba, kwenye meza ya baba yake yenye mashine ya mkono ya kutengenezea risasi. Alipachika fataki ya kuwasha baruti, akapima baruti, akaimimina kwenye ganda, kisha akasukuma kichwa mpaka kikae. Lyle aliketi ngazini akila biskuti na kumchokoza.

"Punje moja imebaki kwenye kibakuli."

"Nimeiona, baba."

"Nilidhani hujaiona."

"Ndiyo maana biskuti haziruhusiwi huku. Hiyo ni chembe ya biskuti."

Lyle alicheka, akajifuta kidevu.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nje ya mji, nyuma ya jalala, na meza zake za zege zilikuwa baridi hata mchana. Hapo hakuna anayejaza magazini, kile kisanduku cha risasi ndani ya bunduki. Unaweka risasi moja kwa mkono moja kwa moja kwenye chemba, nyuma ya mtutu, unapiga, unafungua komeo, unangoja mtutu upoe. Vile vichwa virefu vya Dewey vilipiga karatasi kwa ubavu na kuacha matundu yenye umbo la tundu la ufunguo. Dewey aliyatazama matundu hayo kwa darubini muda mrefu.

"Karatasi mbovu hiyo," alisema.

Vya shaba vilikwenda salama, lakini vilitawanyika. Bunduki haikuvipenda, na mwisho wa mambo bunduki ndiyo inayochagua. Aina ya tatu ilianza vizuri. Ardis alirudi nyumbani, akapima kwa kifaa chake mahali mistari ya ndani ya mtutu inayozungusha risasi inapoanzia. Akakisogeza kila kichwa mbele kidogo kutoka kwenye ganda, kikaikaribia mistari ile pasipo kuigusa. Risasi ikawa ndefu kidogo. Wiki iliyofuata Lyle alipiga tatu, na matundu matatu yakagusana kama maharage kwenye kijiko.

Lyle alikunja ile karatasi vizuri, akaitia mfuko wa shati, na Jumapili Ardis aliikuta imebandikwa kwenye friji juu ya picha yake ya kumaliza chuo.

"Umefunika uso wangu, baba."

"Uso wako naujua."

Msimu ulifunguliwa Jumamosi ya mwisho wa Oktoba. Kulipokuwa bado giza Dewey aliwapeleka kwa gari lake hadi ukingoni. Wote watatu walivaa vizibao vya rangi ya chungwa, na Lyle alionekana kama boga kubwa lililowekwa kwenye kiti cha kukunja. Ardis alipanga mifuko ya mchanga juu ya jiwe, bunduki ikalala juu yake. Akampa baba yake mkate wenye yai, kisha kisanduku cha risasi. Mbingu ilianza kupauka upande wa mashariki, na harufu ya majani machungu ikapanda kutoka bondeni.

Lyle alichukua risasi ya kwanza, akaisukuma kwenye magazini. Haikuingia. Akaitoa, akaigeuza, akajaribu tena. Ncha iligonga ukuta wa mbele.

"Ardis."

Alijua kabla hajamaliza kuinama. Uwanjani walikuwa wametia moja moja kwa mkono. Alikuwa amepima chemba, amepima mistari, amepima baruti punje kwa punje, na sanduku dogo la chuma chini ya komeo hakulipima hata mara moja. Risasi zake nzuri zilikuwa ndefu kuliko magazini kwa unene wa ukucha.

"Samahani, baba," alisema.

Dewey aliichukua risasi, akaijaribu mwenyewe, kwa kuwa asingeamini bila kujaribu. "Chuo cha miaka minne," alisema.

"Mwache mtoto," Lyle alisema.

"Simsemi. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivi. Ila sikuwa na cheti." Akamrudishia Ardis risasi ile, na kidole chake kikamgusa begani taratibu. "Sikilizeni, niende nyumbani kwenu nikalete zile za zamani?"

"Darubini haikupangwa kwa zile," Ardis alisema. "Zitapiga chini sana. Heri turudi nyumbani tu, baba. Nitazifupisha leo. Tutakuja kesho."

Lyle alikuwa anatafuna. Alimeza, akanywa kahawa, akafunga kikombe. "Chemba inaikubali?"

"Chemba inaikubali. Moja moja."

"Basi mimi nilikuja kupiga moja. Zile zinazobaki kwenye magazini huwa ni za hasira." Akanyoosha kiganja. Ardis akaweka risasi moja juu yake, na Lyle akaiingiza kwa kidole gumba polepole, akashusha komeo. "Nyingine shika wewe. Nikikuomba, nipe. Nisipokuomba, usiniulize."

Jua lilipogusa ng'ambo ya bonde, majike mawili yalitoka kwenye misonobari, na nyuma yao dume kubwa. Dewey alishusha pumzi puani. Pembe za dume hilo zilikuwa pana kama usukani wa baiskeli. Lilitembea kwa haraka likiyafuata majike. Mara kiuno kinaonekana, mara kifua kinafichwa na kichaka.

"Lyle," Dewey alinong'ona. "Lyle, huyo. Ukikosa ya kwanza atasimama kusikiliza, kila mara husimama."

"Halafu nimpige na nini, kofia yako?"

"Ardis anayo mkononi."

"Mpaka niipokee, niitie, nifunge, atakuwa Kanada."

Ardis aliishika risasi mpaka ikapata joto la ngozi yake. Alimtazama baba yake wala si kulungu. Shavu lilikuwa limelala kwenye kitako cha bunduki, kidole kiko pembeni, hakijagusa. Alijua kwamba kama magazini ingekuwa imejaa, baba yake angejaribu. Lyle naye alijua, kwa sababu alitoa sauti ndogo ya kukubali, kama mtu aliyekumbushwa jambo. Dume likavuka uwazi wa mwisho, likaingia kwenye mawe, likapotea.

Dewey alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Sitamwambia mtu," alisema. "Watanicheka hata mimi."

Walikaa. Ardis alimimina kahawa iliyobaki, na Dewey alieleza habari ya ndama aliyekwama kwenye tairi. Upepo mdogo wa asubuhi ulizimika kabisa, moshi wa nyumba ya mbali ukasimama wima.

Ndipo dume dogo likatoka, pembe zake za matawi mawili tu. Lilikuja peke yake, likasimama penye nyasi fupi, likageuza ubavu wote kwenye jua na kuanza kujilamba bega. Halikuwa na haraka yoyote duniani.

"Huyo ni wa sufuria, si wa ukutani," Dewey alinong'ona.

"Mimi nala kwa sufuria," Lyle alisema. "Ardis, niambie umbali."

Ardis alitazama kwenye kipimo. "Mia nne kasoro kidogo. Upepo hakuna."

Lyle alivuta hewa, akaitoa nusu, akaizuia. Ardis alijisikia anamwambia yule mnyama kimoyomoyo, usiende, tafadhali, simama hivyohivyo, na papo hapo alitamani aende. Bunduki ikapiga. Kisha kimya kidogo, na kutoka ng'ambo ukarudi mlio mzito, kama ngumi kwenye gunia la ngano. Kulungu alipiga hatua chache za mbio, miguu ya mbele ikalegea, akalala. Nyasi zikatikisika mara moja, zikatulia.

Lyle tayari alikuwa amefungua komeo, kiganja kimenyooshwa nyuma bila kugeuka. Ardis akampa ya pili. Akaitia, akatazama kwa darubini muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote angetazama. Halafu akafungua, akaitoa, akamrudishia.

"Iweke," alisema. "Hatujaihitaji." Alivua miwani, akaifuta mara mbili, na Ardis akajifanya anatafuta kifuniko cha kahawa.

Ardis na Dewey walizunguka kwa gari hadi upande wa pili. Risasi ilikuwa imeingia nyuma ya bega, ikafunguka, ikatokea. Ardis alimpapasa kulungu shingoni, mahali palipokuwa bado na joto, akasema asante kwa sauti ambayo hata Dewey hakuisikia. Kisha akatoa kibali cha kuwinda cha baba yake, akakikata kwa kisu penye tarehe ya siku hiyo kama sheria inavyotaka, akakifunga mguuni. Walipomaliza kupasua, alianza kubeba mawe na kuyapanga juu ya matumbo.

"Unamzika?" Dewey aliuliza.

"Tai wasile vipande vya risasi."

Dewey alimtazama, akakwaruza shavu. Halafu akainama, akaokota jiwe kubwa kuliko yote aliyobeba Ardis. "Hili linatosha tai wawili," alisema.

Jioni Lyle mwenyewe alikaanga moyo wa kulungu kwa siagi na vitunguu, akiwa ameegemea jiko kwa upande mmoja. Dewey alikuja na pai ya mke wake. Walikula mpaka sahani zikang'aa, na Dewey akasimulia habari ya lile dume kubwa. Katika masimulizi hayo lilikuwa limeshaongezeka pembe.

"Zilizobaki nitazifupisha kesho," Ardis alisema wakati wa kuosha vyombo. "Nitazisukuma ndani kidogo tu, zienee kwenye magazini. Labda zitatawanyika kidogo."

Lyle alikausha sahani, akaishika kwenye mwanga, akaikausha tena. "Ziache."

"Lakini baba, mwakani..."

"Mwakani pia ziache hivyohivyo," alisema. "Ila kiti ninunulie kingine. Kile kinaniumiza mgongo."

Dewey, aliyekuwa mezani akimalizia pai yake mwenyewe, alisema kiti anacho ghalani, kina hata mahali pa kuweka kikombe, na hatakiuza kwa bei ya kirafiki kwa mtu aliyeliachia dume lile. Ardis alifungua maji ya moto, mvuke ukampanda usoni, akacheka humo ndani.