Zamu ya Saa Sita

"Celina, mumeo alipanda upepo au alipanda lori?"

Jirani yake Ma Jovita aliuliza hivyo kutoka upande wa pili wa migomba, akicheka mpaka kikapu kikayumba kichwani. Celina hakucheka. Alikuwa akianika kahawa, na macho yake yalikuwa barabarani, maana mumewe Projestus alikuwa hajarudi kutoka mjini na maneno yalikuwa yamemtangulia.

Ilikuwa Saba Saba, mwaka wa tatu baada ya Azimio. Chama cha ushirika kilitaka tarishi wa baiskeli, kikaamua kumpata kwa mashindano: Kemondo hadi Bukoba, kila mtu aondoke peke yake. Burhani fundi saa alilinganisha saa mbili, moja ikabaki Kemondo, nyingine akaenda nayo mjini. Washindani wakaokota karatasi za zamu. Projestus alipata ya kwanza, ya alfajiri, ambayo kila mtu aliitamani kwa sababu ya jua. Kaka yake Ildefons alipata ya mwisho, ya saa sita.

"Lete hapa."

"Kaka, hii nimeokota mimi."

Ildefons alimzaba kofi mbele ya watu. "Toka lini mdogo akatangulia kunawa?" Kwao ndivyo ilivyokuwa: mkubwa ananawa kwanza, anakula kwanza, anachagua kwanza. Projestus akafuta damu puani, akampa karatasi, akachukua ile ya saa sita.

Lakini mwezi wa saba kando ya ziwa una tabia yake. Alfajiri majani ya migomba yamelala. Jua likipanda, upepo unaamka kusini, unayachanachana, unakimbia kuelekea Bukoba. Celina aliujua, ndio uliopeperusha mikeka yake ya kahawa kila mwaka. Ildefons alipanda vilima vyote kwa nguvu za mapaja yake. Projestus aliondoka saa sita, shati limevimba mgongoni kama gunia, na pale wanaume wanaposhuka wakakokota baiskeli, yeye alipita amekaa juu ya tandiko. Kwa saa ya Burhani, akamwacha kaka yake mbali sana.

"Ameshika lori kwa nyuma," Ildefons akasema. Watu wakaamini.

Walimkamata akirudi, karibu na nyumbani. Celina alisikia "Mwizi! Mwizi wa ushirika!" akaacha kahawa, akakimbia. Alimkuta mumewe mavumbini, fimbo zinashuka kama wanapura maharage. Meno mawili yalikuwa chini. Ildefons alikuwa ameshika jiwe kwa mikono miwili, akaliangusha juu ya goti. Celina akasikia mfupa. Akajitupa juu ya mumewe, "Mama Maria, Mama Maria," fimbo zikampata yeye mgongoni, mpaka baba mkwe, Ta Rugambwa, akaja na panga na kuwatawanya.

"Tata," Celina alimwambia, mdomo umejaa vumbi, "kesho saa sita apande Ildefons. Njia ileile. Kama mume wangu ni mwizi, kazi bado haina mtu. Akimpita kwa saa, aichukue."

Ildefons akacheka. "Waitu! Mwanamke anatufundisha baiskeli!" Lakini kazi aliitaka. Celina aliyaona macho yake, akajua atapanda.

Kesho yake Projestus alikuwa hospitali, hajitambui. Celina alisimama kwenye ua wa ushirika, mjini, rozari mkononi. Walewale wa jana walikuwepo na fimbo zao. Upepo ulikuwa mkali, mabati yanapiga kelele. Ildefons akaingia getini mbio, kofia imepeperuka, jasho limemkaukia.

"Nimempita? Burhani, sema! Nimempita?"

Burhani aliangalia saa, akaangalia tena. "Umempita. Na jana, ulipopanda alfajiri, ulikuwa nyuma yake mbali. Leo umeshika lori gani?"

"Lori? Sikushika kitu! Ni upepo tu, ulikuwa unanisuku—"

Akakatiza. Halafu mtu mmoja akasema, "Kumbe umetufanya tumuumize mtu bure," na fimbo ya kwanza ikampata mdomoni. Ya pili ikamwangusha pamoja na baiskeli. Wakamfunika kwa fimbo. Alilia kama mbuzi, mnyororo umenasa vidole vyake.

Ta Rugambwa alimshika Celina mkono. "Mwanangu, leo mimi hawanisikii. Wewe watakusikia. Huyu naye ni damu yangu."

Celina alitazama fimbo. Alimtambua kila mwenye fimbo, na alijua ipi ilimpata yeye mgongoni. Moyo wake ulitaka ziendelee. Alihesabu Salamu Maria moja, taratibu, mpaka Amina, na wakati huo wote zikaendelea.

"Mwacheni," akasema. "Kwa jina la Bwana, mwacheni."

Wakaacha. Ildefons akatambaa, akashika upindo wa kanga yake kwa mkono wenye damu.

"Shemeji, nimekosa. Kazi ni yake. Mwambie kazi ni yake, aanze hata kesho."

"Kwa goti lipi?" Celina akauliza.

Celina akavuta kanga yake mpaka vidole vikaachia, akapita katikati ya watu, akatoka getini.