Simu za Gereji

Rhoda Tillery alianza kumshuku mumewe wiki ile ile aliyonunua vibandiko vya rangi.

Kila mke wa askari hapa Lawton anavijua. Amri ya uhamisho wa ng'ambo ikishatoka, nyumba inagawanywa: kijani kwa vitu vya kwenda na meli, buluu kwa vile vichache vya kupanda ndege, nyekundu kwa vya kubaki ghalani Oklahoma mpaka mrudi. Usipobandika, wapakiaji watakufungia hata ndoo ya taka pamoja na taka zake. Rhoda alikuwa amehamahama sana ndani ya nchi, lakini safari ya Ujerumani aliingojea tangu aolewe. Kazi yake katika ofisi ya shule alishaiacha. Mbwa alishachomwa sindano zote. Binti yao Posy, wa darasa la pili, alikuwa akisalimia kila mtu kwa Kijerumani, mbwa akiwamo.

Basi Jumatatu Rhoda alibandika kijani kwenye kiti cha mumewe, kwenye fimbo zake za kuvulia samaki na kwenye sanduku lake la zana. Jumatano akakuta vyote vitatu vina nyekundu.

"Garland!" aliita kutoka jikoni. "Ni wewe uliyebadilisha vibandiko?"

Kimya. Sajini Garland Tillery, wa kikosi cha mizinga, alikuwa sebuleni, kampa mgongo, akipanga vitabu kwenye boksi.

"Garland, nasema na wewe!"

Aligeuka polepole, akamtazama mkewe mdomoni, si machoni. "Unasemaje, mpenzi?"

"Kiti chako. Nani kakibandika nyekundu?"

"Aa, kile. Kimezeeka kile, kitavunjikia njiani."

"Na fimbo nazo zimezeeka? Au Ujerumani hakuna samaki?"

"Wapo. Ila si kama wa huku," akajibu, akarudi kwenye vitabu vyake.

Rhoda alibaki na kitambaa cha vyombo mkononi. Jibu lenyewe halikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni yale macho. Kwa miezi kadhaa sasa Garland alikuwa na tabia hiyo ya kuukodolea mdomo wake anapoongea, kama mtu anayepima kila neno ili ajue mwenzake amefahamu kiasi gani. Na mwanamume anayebakisha vitu vyake nyuma, mkewe akipakia vyake mbele, anapanga nini?

Halafu kulikuwa na simu. Zamani Garland alipokea simu popote, hata mdomo umejaa chakula. Siku hizi ikilia tu anainuka, anapita mlango wa jikoni, anaingia gereji na kujifungia. Akitoka huko husema, "Watu wa kikosini." Lakini watu wa kikosini Rhoda aliwajua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfanya mumewe atoke na haya usoni namna ile.

Alimweleza jirani yake, Yolanda Baca, mke wa askari mwenzao, aliyekuja na sufuria la mchuzi wa nguruwe na pilipili mbichi kwa kuwa vyombo vya Rhoda vilikuwa vimeanza kufungwa.

"Shoga," Yolanda alisema, akijichotea wa kwanza mwenyewe, "nyumba ina vyumba vitatu, mwanamume anakwenda kuongelea simu gereji. Huyo haongei na mama yake."

"Labda ni mambo ya kazi."

"Labda. Wa kwangu yule wa kwanza aliniambia anakwenda kusafisha mashine ya nyasi. Mwezi Januari, Rhoda! Nyasi gani Januari?" Yolanda alicheka, kisha akaacha. "Sikiliza. Wapo wanaowatanguliza wake zao ng'ambo, wao wakabaki na visingizio. Na wapo wanaokwenda peke yao. Ujue wako ni yupi kabla kontena halijafungwa."

Maneno hayo yalimwingia Rhoda kama mwiba wa samaki. Alasiri ya siku hiyo simu ya Garland ilipolia, alimwacha apite, akavua viatu, akaenda kusimama nyuma ya mlango wa gereji.

Hakuhitaji hata kutega sikio. Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye spika ya simu, kubwa, imefunguliwa mpaka mwisho.

"Kesho basi, saa tisa mchana," ile sauti ilisema, ya upole na yenye mazoea. "Utakuja?"

"Nitakuja."

"Na mkeo? Bado hujamwambia?"

"Bado."

"Garland, huwezi kumficha milele."

Rhoda alirudi jikoni miguu mitupu. Kilichomchoma zaidi ni ile spika. Alimdharau kiasi gani, hata asijisumbue kupunguza sauti?

Kesho yake alimwacha Posy kwa Yolanda, akaegesha gari lake mbali kidogo na lango la kambi. Garland alitoka na sare yake. Badala ya kukata kuelekea nyumbani alishika barabara ya mjini, na Rhoda akamfuata, huku upepo wa Oklahoma ukilisukuma gari lake pembeni na moyo ukimsukuma kwingine. Njiani alijaribu maneno atakayoyasema. Yote yaliishia kwenye matusi.

Garland aliingia kwenye jengo dogo la matofali, lililobanana kati ya duka la kufulia nguo na duka la matairi. Rhoda alimpa muda wa kukaa, ili amfumanie vizuri, kisha akasukuma mlango.

Hapakuwa na mtu mapokezi. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi. Mwanamke wa makamo, nywele zimefungwa kisogoni kwa kalamu, alikuwa ameketi mbele ya mashine yenye vitufe. Mbele yake kulikuwa na kibanda chenye dirisha la kioo, na ndani ya kibanda, Garland. Alikuwa amevaa vipokea sauti, macho kafumba, mikono magotini.

Mwanamke alibonyeza kitufe. Garland akainua mkono wa kulia, kama mwanafunzi anayejua jibu. Mwanamke akabonyeza tena, mkono ukainuka. Halafu akageuza swichi fulani, akabonyeza. Mkono ulibaki gotini. Akabonyeza tena, na tena, akiongeza nguvu kila mara. Garland alikaa palepale, uso umetulia, akisubiri sauti iliyokwisha kupita.

Rhoda alishika fremu ya mlango. Ghafla akamkumbuka Posy, ambaye alishaacha kumwita baba yake kwa mbali. Humkimbilia upande wa kulia, akamgusa mkono kwanza, ndipo akasema. Mtoto alishajifunza. Yeye, mke aliyelala naye kitanda kimoja, hakujua.

Mwanamke akageuka, akashtuka. "Samahani, dada, nikusaidie?"

"Huyo ni mume wangu," Rhoda alisema.

Walikwenda kuongelea ndani ya gari la Garland, madirisha yamefungwa, Rhoda ameketi kulia kwake, upande wenye sikio.

"Tangu lini?"

"La kushoto limekufa tangu mwaka jana, kwenye mazoezi ya mizinga. Hili lingine linafuata."

"Kambini wanawapima masikio. Ulipitaje?"

Garland alikwaruza usukani kwa ukucha. "Tunapimwa wengi pamoja, kila mtu na kitufe chake. Nilikuwa natazama kidole cha jirani yangu. Akibonyeza, nabonyeza."

Rhoda nusura acheke, lakini hasira zikawahi. "Unafyatua mizinga pamoja na wenzako na husikii amri?"

"Nawasoma midomo."

"Kama unavyonisoma mimi. Nami nikadhani una mwanamke! Garland, ungeniacha niamini hilo?"

"Sikujua unaamini hivyo. Nilijua nikisema tu wataniondoa kwenye mizinga, amri itafutwa. Na wewe umeacha kazi, Posy anaongea Kijerumani na mbwa. Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo! Unao." Kisha lile jambo la mwanzo likarudi kumgonga. "Na vile vibandiko?"

"Nilifikiri wakinigundua kule, watanirudisha. Ninyi mngebaki mpaka Posy amalize mwaka wa shule. Ningehitaji mahali pa kukaa, na vitu vyangu."

"Kwa hiyo ulishapanga hata namna ya kutuacha."

"Sikupanga kuwaacha. Nilipanga nikianguka nianguke wapi."

Maneno yale Rhoda aliyageuzageuza kwa siku nyingi baadaye, na kila alipoyageuza aliyaona upande mwingine. Je, alificha kwa ajili yake, au kwa ajili ya mizinga, ambayo pengine aliipenda kuliko alivyowahi kukiri? Hakupata jibu la kumtosha. Alichosema siku ile ni hiki: "Jumatatu unakwenda kwa daktari wa kambi. Nami nitakuwapo."

Walikwenda. Mambo yalikuwa kama Garland alivyoogopa. Aliondolewa kwenye mizinga, na amri ya uhamisho ikasimamishwa. Mzigo wa ndege ulikuwa umeshaondoka na vitanda vimeshafungwa, kwa hiyo sufuria zao, mashuka yao na makoti ya baridi ya Posy vilitangulia Ujerumani peke yao, nao wakabaki Lawton wakilalia magodoro ya kujaza upepo na kupikia vyombo vya Yolanda. Garland alipewa vifaa vya kuvaa masikioni. Siku ya kwanza alipovivaa alisimama jikoni akishangaa mlio wa friji. "Hii kelele ilikuwapo siku zote?" aliuliza. Rhoda alimjibu ndiyo, akatoka nje, akalia kwa mara ya kwanza.

Vuli ilipofika ikatoka amri nyingine: nchi ile ile, ila si kwa mizinga tena. Angesimamia ghala la vipuri. Garland aliisoma na kuirudia mchana kutwa, kisha akauliza kama Rhoda bado anataka kwenda.

"Na wewe unataka?" Rhoda alimuuliza.

"Nataka."

Alimtazama sana kabla ya kumwamini.

Wake wa kikosi waliwaandalia chakula cha kuwaaga, na Yolanda akasimama kuhutubia. Yolanda akianza kuhutubia, chakula hupoa. Alikuwa amefika kwenye kisa cha mumewe wa kwanza na zile nyasi za Januari, ndipo Rhoda alipouona mkono wa Garland ukipanda taratibu mpaka nyuma ya sikio, kidole kikabonyeza kitu kidogo, mkono ukashuka. Uso wake ukatulia kabisa. Aliendelea kuitikia kwa kichwa na kutabasamu pale wengine walipocheka.

Rhoda alimwinamia. "Umezima," alinong'ona.

Garland aliendelea kuitikia kwa kichwa kwa heshima, macho kwa Yolanda.

Rhoda alirudi kuegemea kiti chake, akaanza kukumbuka mambo yote aliyokuwa amemweleza mumewe wiki ile, moja moja, na namna alivyokuwa akitabasamu.