Mtu Aliyekaa na Mama

Siku saa ya ukutani iliposimama kwa mara ya kwanza, dada alikuwa kwenye meza ya jikoni akipiga msasa meno ya bandia ya mwenye duka la misumari. Alikuwa fundi wa meno. Kazi yake aliihamishia nyumbani kwa sababu chumba cha nyuma alilala mama yao, ambaye kiharusi kilimpoozesha upande mmoja, na mama alihitaji kugeuzwa, kuoshwa, kulishwa kwa kijiko na kusikilizwa. Sebuleni aliketi kaka yake. Walizaliwa pacha. Dada ndiye aliyetangulia, na jamaa walipenda kutania kwamba kaka alikawia tumboni akisubiri mwenzake amalize shughuli.

Kaka alikuwa mkuu wa kitengo cha malalamiko katika idara ya maji. Idara ilikuwa imewapeleka wakuu wake kwenye mafunzo ya kutuliza nafsi, maana malalamiko yalikuwa yamezidi, na ilionekana ni rahisi zaidi kuwatuliza wanaolalamikiwa. Alirudi na mkeka mdogo uliokunjwa kwapani na uso wa mtu aliyewasamehe watu wote.

“Ukikaa inavyotakiwa,” alimweleza dada yake, “unagundua kwamba wakati haupo.”

“Basi nisaidie kumgeuza mama kabla haujarudi.”

Alikuwa ameshafumba macho.

Ndipo saa iliposimama. Inzi aliyekuwa akipita mbele ya pua yake alibaki hewani, mabawa wazi. Chai aliyoiweka kando ilibaki ya moto, na mvuke wake haukupanda wala kushuka. Hayo yote yaliishia hatua chache kutoka kwenye mkeka. Nje ya hapo sufuria iliendelea kuchemka na mama aliendelea kuita. Paka aliingia sebuleni, akavuka mpaka huo bila kuujua, akabaki na mguu mmoja juu hadi jioni, kaka alipofumbua macho. Paka akaushusha mguu akaenda zake.

“Nimefumba kidogo tu,” kaka alisema. “Mbona kiza kimeingia na taa hamjawasha?”

Kesho yake dada alinyunyiza unga wa plasta sakafuni, ule wa kuchukulia vipimo vya meno, ili aone mpaka unapita wapi. Mpaka ulipita karibu na mguu wa kabati; unga uliouvuka ulibaki hewani. Tangu siku hiyo aliweka maziwa na samaki upande wa ndani, akisukuma sinia kwa ncha ya ufagio, kwa kuwa umeme ulikatika mara kwa mara na jokofu halikuwa la kutegemewa. Samaki aliyesukumwa mchana alitoka jioni macho bado yanang’aa. Majirani nao walileta vyakula vyao. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie, kaka alikuwa na faida nyumbani, na hakuna aliyetaka kumharibia.

Ofisini walimpa jina la Mtulivu. Watu waliokuja kulalamika kwamba mabomba yao yalikauka tangu mwaka uliopita walimwona toka mlangoni amefumba macho nyuma ya meza, wakaondoka wakinyata. Mkurugenzi alisema hajawahi kuona kitengo chenye amani kama kile.

Miaka hiyo kulikuwa na mpima ardhi mmoja aliyemtaka dada. Alikuja kutengenezewa jino, kisha akarudi mara nyingi kulegezewa jino ambalo halikubana. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono safi na kamba ya kupimia begani. Alijua kumnyanyua mama bila kumuumiza, na mama alimpenda, akimwita “yule wa kamba” kwa nusu ya mdomo iliyobaki na nguvu. Waliahidiana kwamba mambo yakitulia wataoana. Mambo yaliyokuwa yakingojwa yatulie ni mama.

Mwisho wa mama ulianza asubuhi ya kawaida. Maumivu yalimpanda kutoka mgongoni, akawa anauma kitambaa. Daktari alimtazama, akamwambia dada ukumbini kwamba imebaki siku hiyo au inayofuata, na kwamba kuna sindano ya kumwondolea maumivu hospitalini, ila lazima aifuate mwenyewe. Muuguzi alikuwa ameshamfundisha kuchoma.

Dada alikwenda sebuleni. Kaka alikuwa akikunja mkeka.

“Kaka, leo nakuomba kitu kimoja. Kaa na mama. Mshike mkono tu mpaka nirudi.”

“Mimi sina wasiwasi na kifo,” kaka alisema.

“Sikukuuliza habari za kifo. Nimesema mshike mkono.”

Dada alirudi na sindano mkobani, jasho likimtoka kwa mwendo. Alimkuta kaka ameketi sakafuni kando ya kitanda, mkeka chini yake, mikono yote miwili juu ya magoti yake mwenyewe. Mama alikuwa amenyamaza. Mdomo ulikuwa wazi katikati ya kilio, na chozi moja lilikuwa limefika nusu ya shavu. Chumba kilikuwa kidogo. Chote kilikuwa ndani ya mpaka, na mpaka ulipita kwenye kizingiti.

Dada alimwita kaka yake kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya kuitia mtu aliye ng’ambo ya bonde. Alijaza ndoo akammwagia maji. Maji yalivuka kizingiti, yakabaki hewani kabla hayajamfikia, yametandazika kama kitambaa kilichorushwa. Kwa hiyo alivuta kiti, akaketi mlangoni na sindano mkononi, akimngojea amalize.

Hakumaliza jioni ile. Hakumaliza mwezi ule.

Daktari alikuja akasimama kizingitini. “Siwezi kusema amekufa,” alisema, “na siwezi kusema yu hai. Atakapotoka humo mniite.” Jamaa walikuja na nguo za msiba, wakachungulia, wakarudi nazo. Shangazi mkubwa alifuta machozi. “Mtoto wa kiume wa namna hii siku hizi utampata wapi? Hajamwacha mama yake hata kidogo.” Kisha alimgeukia dada akamuuliza kama kuna kitu cha kula.

Mpima ardhi alikuja na futi yake, akapima umbali wa mlango na kitanda, akauandika kwenye kiganja. Alikuwa amehamishiwa mbali.

“Twende,” alisema. “Wao hawajui kama upo au haupo.”

“Akifumbua macho mama ataendelea pale pale alipoachia. Atahitaji sindano siku hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo.”

“Kaka yako hawezi kumchoma?”

Dada alimwonyesha ile mikono miwili juu ya magoti. Mpima ardhi alitazama sakafu, aibu ikamshika kwa kuuliza. Alisubiri msimu mmoja, akasubiri mwingine, kisha akaenda. Baadaye ilisikika kwamba ameoa mwalimu, na dada alimtumia salamu za heri, kwa sababu alimtakia heri kweli.

Dawa ya sindano huharibika. Kila ilipokaribia kuharibika dada alifuata nyingine. Kwanza ilikuja katika vichupa vya kahawia, kisha vyeupe, kisha ikawa tayari ndani ya bomba la sindano, na vijana waliokuwa wakigawa dawa dirishani wakawa wakuu wa hospitali. Alihamishia meza yake ya kazi ukumbini, mkabala na mlango wa mama, akawa anachonga meno ya watu jicho moja likiwa ndani. Mtoto wa jirani aliyekuwa akibebwa mgongoni alioa. Nywele za dada zilianza kuwa nyeupe kando ya masikio, zikamaliza kichwa kizima. Alijitengenezea meno yake mwenyewe, ya juu yote, na yalimkaa vizuri. Idara ya maji ilimstaafisha kaka kwa barua yenye shukrani, ikisema utendaji wake katika miaka hii ya mwisho haukutofautiana na wa mwanzo, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Usiku dada aliota amechelewa. Mchana hakuwahi kwenda mbali. Aliyekuwa na hamu ya kumwona aliambiwa aje.

Siku moja, dada akisafisha mashine ya msasa, alisikia maji yakianguka.

Alikuwa ndani kabla hayajaenea sakafuni. Kilio cha mama kiliendelea kutoka pale kilipokatika, na chozi likamaliza safari yake. Dada alimshika mkono, akatafuta nyama ya bega, akachoma. Mama aligeuza macho. Aliuona uso uliokunjamana, nywele nyeupe, mgongo uliopinda kidogo.

“Mama,” alimwambia bintiye, kwa sauti ya mtoto aliyemwona mamake. “Umekuja.”

“Nimekuja,” dada alisema.

“Nilimtuma huyu mtoto akuite. Alichukua muda.”

“Nilikuwa karibu.”

Mama alitua. Maumivu yalimtoka usoni, kwanza kwenye paji, kisha kinywani, na baada ya hapo pumzi nayo ikatoka, ya mwisho ikiwa ndogo kuliko zote. Dada hakuuachia mkono mpaka ulipopoa.

Nyuma yake kaka alikuwa akijikung’uta. Alikuwa na umri ule ule alioingia nao, ndevu zikiwa hazijafikia kuhitaji wembe, maji yakimchuruzika masikioni.

“Nani kamwaga maji?” aliuliza.

“Mimi.”

Alimtazama dada yake vizuri. “Umechoka, dada. Unajipa shughuli nyingi mno. Ungejifunza kukaa.” Kisha aliuangalia mwili wa mama. “Ameondoka kwa amani. Nimekuwa naye mpaka mwisho. Nilihisi kama kitambo kidogo tu.”

“Najua,” dada alisema. “Nipishe nimwoshe.”

Mazishini walisema mengi juu ya kaka. Mjomba alisimama akaeleza kwamba wapo watoto wanaopeleka wazazi wao hospitali na kuwaacha huko, lakini huyu alikaa kando ya kitanda kizazi kizima asile wala asinywe. Shangazi mkubwa alikuwa ameshakufa, ila wanawe walirudia maneno yake. Mkurugenzi mpya wa idara ya maji alikuja mwenyewe. Dada alikuwa jikoni. Mtu mmoja alipouliza dada alikuwa wapi miaka yote hiyo, aliambiwa kwamba alikuwepo, anashughulika na meno.

Baada ya siku chache wageni walianza kuja. Walikuja wafanyabiashara wasiopata usingizi, wakuu wa shule, mwanasheria na mkewe. Wote walitaka kujua namna ya kukaa nje ya wakati, na wote walikuwa na mtu nyumbani wa kuangalia jiko. Kaka aliwatandikia mikeka sebuleni. Hakuwa na la kuwafundisha, na wao walilipenda jambo hilo kuliko yote.

Siku darasa la kwanza lilipoanza, mwanasheria alimkuta dada kwenye baraza.

“Shikamoo, bibi. Wewe ni nani wa mwalimu?”

“Pacha wake.”

Mwanasheria alimtazama dada, akamtazama kaka kupitia mlango ulio wazi, akarudi kwa dada. Hakuona cha ajabu. “Mmefanana macho,” alisema kwa adabu, akavua viatu vyake vya ngozi akavipanga mwanzo wa safu. “Basi tuangalizie viatu, bibi. Huenda tukakawia.”

Aliingia akaketi, na dada akarudi jikoni kwenye kazi yake. Mle ndani walifumba macho mmoja mmoja, na saa ikasimama. Mpaka ulipanuka kwa kuwa sasa walikuwa wengi, ukatoka mlangoni na kuishia kwenye ngazi ya kwanza ya baraza, juu kidogo ya viatu; upande wa nyuma haukufika jikoni.

Alasiri mvua ilianza kunyesha. Dada aliweka chini jino alilokuwa akilichonga, akatoka uani, akaanua nguo zake. Kisha alipitisha mikono juu ya ua akaanua na za jirani, ambaye alikuwa kazini. Alikunja zote, akaingia jikoni, akafunga mlango kwa sababu ya manyunyu. Viatu vilikuwa bado ngazini, jozi kwa jozi, vimeelekea nje, vikijaa maji.