Injini Inagonga, Baba

Baba hatumii mashine kupanga taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Hulegeza nati ya distributa inayogawa umeme kwa plagi, huizungusha kidogo kidogo ili cheche iwahi, kisha tunalipandisha gari mlima ulio nyuma ya gereji kwa gia ya nne. Injini ikianza kugonga husema, "Hapo hapo," anarudisha nyuma kidogo, anakaza nati, basi. Ndivyo alivyonifundisha mimi bintiye, na sikuwahi kuona mteja akirudi kulalamika.

Lakini njia hiyo haina maana kama husikii mlio.

Mdomo wangu mimi hauna breki, na baba ndiye wa kwanza kulalamika. Ila kuna jambo moja nililimeza likanikaa kooni, nalo linamhusu mama. Alipokuwa mgonjwa, sauti yake iliisha ukabaki mnong'ono. Kila jioni baba alikaa kando ya kitanda akimtazama. Mama alinong'ona, baba kimya. Alinong'ona tena, baba akainuka kufunga dirisha. Damu ilinichemka! Nilidhani ametia pamba masikioni makusudi. Mama alikufa hivyo hivyo, na kwenye msiba baba akawaambia ndugu kwamba mkewe ameondoka amemnunia, hata kwaheri hakumpa. Nilitamani kumtukana mbele ya watu.

Baadaye lilikuja gari la mshonaji, jirani yetu, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo. Tulilipandisha mlima, mimi kwenye usukani. Injini iligonga kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Nikasubiri baba aseme "hapo hapo". Akasema, "Bado." Tukashuka, akawahisha tena cheche, tukapanda, kelele ikazidi. "Bado kidogo." Nikamgeukia. Hakuwa na utani hata chembe.

Ndipo nilipoelewa. Nyundo alizisikia, malori aliyasikia, hata wanaume wenzake wakibishana alijibizana nao. Sauti nyembamba ndizo zilizokuwa zimemtoka. Na mama alikuwa amebakiwa na sauti nyembamba tu.

Tangu siku hiyo, baba akiingia kunawa mikono, nilirudisha distributa nyuma kimyakimya. Sikuwa naogopa kumvunjia heshima ya kazi, hilo angelizoea. Niliogopa kwamba akijua hasikii injini, atajua pia kuwa mama hakumnunia. Nikaona bora amchukie kidogo marehemu kuliko kujichukia yeye.

Kisha nikalala na homa, baba akabaki peke yake gereji. Mshonaji alileta gari kubadilishiwa plagi, na baba, kwa wema wake, akampangia na taiming bure. Nilipopona nikalikuta limerudi likivutwa kwa kamba, limesimama mlangoni, na baba amekwisha kufungua injini. Pistoni moja ilikuwa imeliwa ukingoni na kutoboka katikati.

"Petroli mbovu hiyo," baba alimwambia mshonaji. "Umejaza wapi?"

"Ninapojaza siku zote, fundi. Ila lilikuwa likipiga kelele mlimani. Nilikuja nikakuambia."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia, fundi. Ukaitikia kwa kichwa, ukanipungia mkono niende."

"Dada, usinisingizie mbele ya mwanangu!"

Mshonaji alinitazama, machozi yakimlengalenga. Nikapiga moyo konde.

"Baba, si petroli. Cheche iliwahi mno." Nilisema kwa sauti kubwa, kama anavyosema mwenyewe akifundisha. "Moto ulianzia kwenye plagi, lakini mchanganyiko wa petroli na hewa uliobaki pembeni ulibanwa, ukapata joto, ukalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Ndivyo ilivyokuwa ikigonga kila siku mpaka pistoni ikatoboka. Injini inagonga, baba, na wewe huisikii."

Alicheka. "Mimi? Lete gari langu."

Nililegeza nati ya gari lake mbele ya macho yake, nikawahisha cheche kupita kiasi, tukaingia. Mlimani nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Mlio ulijaa ndani ya gari, watu wa pembeni wakageuka. Baba alitega sikio la kulia, kisha la kushoto. Mwishowe akaweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo.

"Inagonga sasa?"

"Inagonga."

"Hata sasa?"

"Hata sasa, baba."

Tulipofika juu akaniashiria nizime. Alitazama mikono yake. Niliona midomo yake ikicheza, akihesabu kurudi nyuma mwezi kwa mwezi, na nilijua anaelekea wapi wala singeweza kumzuia.

"Ilianza kabla mama yako hajafa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Alikuwa anaongea?"

"Kila jioni."

Baba alifungua mlango kama anayekosa hewa, akashuka, akashika boneti kwa mikono miwili. Nami nikashuka.

"Alisema nini?"

Nilimwambia. Lakini maneno yalitoka madogo, na baba akanisogezea uso karibu kabisa, macho kwenye midomo yangu.

"Sisikii, mwanangu. Sema kwa nguvu."

Basi nikapaza sauti, pale kando ya barabara, wapita njia wakisimama kututazama. Maneno ambayo mama aliyanong'ona chumbani, nikayapiga kelele kama mtu anayegombana na baba yake.

"Alikuomba umshike mkono! Alikuuliza mbona humjibu! Alikuuliza kakukosea nini, baba! Kila jioni alikuuliza kakukosea nini!"

Safari hii alisikia.